Thamani ya Kiwanja ni ya Nani? Buswelu na Swali la Haki katika Mji Mpya

Buswelu, makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, ni mji mpya ulioko upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, ukipakana na maeneo mengine yanayokua kwa kasi kama Kiseke na Nyamhongolo. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba na malisho kabla ya kupimwa viwanja. Leo kuna ofisi za serikali, nyumba za kuishi, shule, nyumba za ibada, fremu za maduka na barabara za lami. Historia yake ni fupi na huduma zake zinahesabika, lakini mji wa namna hii huzua swali gumu la haki. Kiwanja ambacho hakijaongezwa hata tofali moja hupanda bei mara lami inapopita jirani au bomba la maji linapofika mtaani. Mwenye kiwanja hakuifanya kazi hiyo. Mkulima aliyeuza shamba hakulipwa kwa ajili ya ongezeko hilo. Fedha zilizojenga barabara zilitoka kwa walipa kodi ambao wengi wao hawatakaa Buswelu kamwe. Thamani hiyo iliyoongezeka, basi, ni ya nani?

Sheria ina majibu yake, lakini vifungu vya sheria husimama juu ya mawazo fulani kuhusu kazi, umiliki na jamii. Katika Mwanza mawazo hayo yamebadilika mara kadhaa ndani ya miaka mia moja na thelathini hivi, na kila badiliko limeacha alama yake katika namna mji ulivyojengwa.

Ardhi kabla ya viwanja

Kwa mila ya Wasukuma, ardhi ilikuwa chini ya uangalizi wa mtemi, na kijijini aliyegawa mashamba alikuwa mwanangwa. Aliyepewa shamba alilitumia yeye na watoto wake maadamu wanalilima. Akihama, shamba lilirudi kwa mwanangwa, naye akampa mwingine. Mazao yalikuwa ya mkulima na nyumba ilikuwa yake, ila ardhi yenyewe haikuuzwa. Utaratibu huo ulikuwa na falsafa ndani yake ingawa haikuandikwa: haki ya mtu juu ya shamba ilitokana na kulitumia na pia kuwa mmoja wa wanakijiji. Mgeni aliyepokewa alipata mahali pa kulima, na mwenyeji aliyeondoka alipoteza. Usawa wake ulikuwa na mipaka, kwa kuwa mwanamke kwa kawaida aliifikia ardhi kupitia baba au mume, na mwanangwa mwenye upendeleo aliweza kumnyima mtu asiyempenda.

Wajerumani walianzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892. Baada yao Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliyotangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa muda. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani, na bandari ikaunganishwa na mizigo ya ziwa zima. Kuanzia hapo ardhi iliyo karibu na stesheni na bandari ikawa na bei ambayo shamba la mbali halikuwa nayo. Udongo wa mjini haukuwa bora kuliko ule wa Kisesa au Magu. Kilichoongeza bei ni mahali ulipo, na mahali hupata thamani kutokana na yale yanayofanywa na watu wengi wanaopazunguka.

Ardhi isiyo na bei

Mwaka 1958, kabla ya uhuru, Julius Nyerere aliandika kijitabu Mali ya Taifa kupinga wazo la serikali ya kikoloni la kuruhusu umiliki wa ardhi wa moja kwa moja. Hoja yake ilikuwa na ngazi mbili. Ya kwanza ni ya kidini: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa viumbe wake wote, na hakuna binadamu aliyeiumba. Ya pili ni ya kiakili: anayefyeka msitu na kulima hujipatia haki juu ya kile alichokiongeza kwa jasho lake, lakini hakuongeza ardhi. Hivyo anaweza kudai malipo ya kazi yake, si malipo ya ardhi yenyewe. Nyerere aliona hatari kwamba, ardhi ikiwa bidhaa, wenye fedha wataikusanya na Waafrika maskini watageuka wapangaji katika nchi yao.

Baada ya uhuru fikra hiyo iliingia katika sheria. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulifutwa na kugeuzwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka huohuo mamlaka ya watemi yakaondolewa. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 ilifuata mantiki hiyohiyo: aliyetwaliwa ardhi alifidiwa hasa kwa nyumba, mimea na kazi nyingine aliyoiweka juu yake. Ardhi tupu haikuwa na fidia kwa kuwa kinadharia haikuwa na bei.

Hoja hii ilikuwa na nguvu ya kimaadili, lakini iliacha pengo. Watu mjini waliendelea kuuziana viwanja kwa kuandikiana uuzaji wa kibanda, mti au msingi, huku kila mmoja akijua kwamba kinacholipiwa ni mahali. Aliyeumia zaidi ni mkulima wa pembezoni mwa mji. Shamba lake lilipotakiwa kwa upanuzi alilipwa thamani ya mihogo na miembe, kisha lilipokatwa viwanja wengine wakapata thamani ya mji. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda mnyonge dhidi ya tajiri ikageuka njia ya kumchukulia chake kwa bei ndogo.

Mabadiliko ya mwaka 1999

Tume ya Rais iliyoundwa mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji ilikusanya malalamiko ya ardhi nchi nzima. Sera ya Taifa ya Ardhi ilitoka mwaka 1995, na Sheria ya Ardhi pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji zikapitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika mwaka 2001. Sheria hizo zilibakiza msingi wa zamani: ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake. Lakini ziliongeza kanuni mpya, kwamba maslahi katika ardhi yana thamani na thamani hiyo lazima izingatiwe katika shughuli zote zinazohusu ardhi. Fidia ikatakiwa kuwa kamili, ya haki na ya haraka, ikihesabu bei ya soko na usumbufu wa kuhama. Marekebisho ya mwaka 2004 yakarahisisha zaidi uuzaji wa ardhi ambayo haijaendelezwa.

Kwa hiyo mwenye hati leo anashika haki yenye sura mbili. Kwa upande mmoja ni mpangaji wa umma kwa miaka 33, 66 au 99. Kwa upande mwingine ni mwenye bidhaa inayouzika, inayowekwa rehani benki na inayopanda bei. Buswelu imekua chini ya sheria hii, ndiyo maana ni mahali pazuri pa kulipima swali lenyewe.

Kujengwa kwa mji

Mwanza ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2000. Mwaka 2012 Ilemela ilitengwa na kuwa manispaa inayojitegemea, Nyamagana ikabaki na Halmashauri ya Jiji, na Buswelu ikawa makao makuu ya manispaa mpya. Katika sensa ya mwaka huo wilaya hizo mbili zilikuwa na watu 706,453. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu 1,104,521, kati yao 509,687 wakiwa Ilemela. Ongezeko la watu karibu laki nne kwa miaka kumi haliwezi kumezwa na mji wa zamani uliobanwa kati ya maji na milima ya mawe. Mpango kabambe wa jiji wa mwaka 2015 hadi 2035, uliotayarishwa kwa ushauri wa wataalamu kutoka Singapore, ulitazamia ukuaji unaotawanywa katika vitovu kadhaa badala ya kimoja.

Huduma zilikuja moja baada ya nyingine. Kiseke ilipata mtaa wa nyumba zilizojengwa na Mfuko wa Pensheni wa PPF, na hata baada ya mfuko huo kuunganishwa na mingine mwaka 2018, makondakta wa daladala bado wanaita Kiseke PPF. Barabara ya lami inayopita Sabasaba, Kiseke na Buswelu iliunganisha maeneo ambayo wakati wa mvua yalifikika kwa shida. Stendi ya mabasi ya Nyamhongolo, kando ya barabara ya Musoma, ilihamishia pembezoni safari ambazo zamani ziliwalazimu abiria kuingia katikati ya mji. Maji, yaliyotegemea zaidi chanzo cha Capri Point, yaliongezewa nguvu na mtambo wa Butimba uliosanifiwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kwa matibabu makubwa wakazi hutegemea Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na elimu ya juu inapatikana Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino.

Huduma moja husahaulika katika michoro ya mipango miji, nayo ni makaburi. Igoma, upande wa mashariki wa jiji, ndiko walikozikwa mamia ya waliokufa meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Ardhi ya makaburi inaonyesha mpaka wa soko. Haina mnunuzi, haipandi bei kwa faida ya mtu, na sheria maalumu ya mwaka 1969 inasimamia kuhamishwa kwa makaburi pale umma unapoihitaji ardhi. Mkulima anayeuza shamba lenye makaburi ya wazazi wake anajua kwamba sehemu ya kile anachokiacha haiingii katika bei. Thamani ya mahali, kwa hiyo, si moja, na hoja inayofuata inahusu ile tu inayopimwa kwa fedha.

Wadai wanne

Mdai wa kwanza ni mwenye kiwanja. Hoja yake ya zamani zaidi ni ya John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeandika mwaka 1689 kwamba mtu anapochanganya kazi yake na kitu cha asili, kitu hicho kinakuwa chake, mradi wengine wamebakiziwa cha kutosha na kilicho sawa kwa ubora. Hoja hii inatetea nyumba vizuri, lakini inaitetea vibaya thamani ya mahali, kwa kuwa lami na bomba havikutokana na jasho la mwenye kiwanja. Hata hivyo anayo hoja ya pili yenye uzito zaidi. Waliojenga Buswelu mapema waliishi miaka kadhaa bila maji ya bomba, wakinunua maji ya kubebwa, wakitembea hadi barabara kuu alfajiri, wakichangishana kwa ajili ya darasa au kivuko. Walifungua duka la kwanza, walianzisha jumuiya ya kwanza ya sala na walikwenda katika misiba ya majirani wasiowafahamu vizuri. Bila wao barabara ingepita porini. Kuvumilia huko ni aina ya kazi, na kumeongeza thamani.

Lakini hoja hiyo inamtenga mdai wa pili anayejificha nyuma yake: mwenye kiwanja asiyekaa, aliyenunua na kuacha magugu yaote akisubiri bei. Huyu hakuvumilia lolote. Zaidi ya hayo, anawapunguzia wengine faida ya mji, maana bomba na nguzo za umeme hupita mbele ya kichaka kuwafikia waliojenga mbali zaidi, na gharama hubebwa na wote. Sheria inatambua tofauti hii kwa kuweka sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya muda fulani. Watemi wa Usukuma wangelielewa sharti hilo bila kufafanuliwa, kwa kuwa kwao haki na matumizi vilikwenda pamoja.

Mdai wa tatu ni mkulima wa awali. Hata akilipwa bei ya soko, analipwa bei ya siku ile, na siku ile huduma hazijafika. Inaweza kusemwa kwamba aliuza kwa hiari yake na hakuchangia lami. Hilo ni kweli, lakini aliuza akijua machache kuliko dalali au ofisa aliyeuona mchoro. Haki katika biashara inataka pande mbili ziwe na habari zinazokaribiana. Kwa hiyo deni la mji kwake ni la uwazi kwanza: ajue kilichopangwa kabla hajakubali bei, na pale ardhi yake inapokatwa viwanja, apewe nafasi ya kubaki na baadhi yake ili aupokee mji akiwa mkazi.

Mdai wa nne ni umma wenyewe. Henry George, Mmarekani, alidai mwaka 1879 kwamba kupanda kwa thamani ya ardhi ni zao la jamii nzima na linapaswa kurudi kwa jamii kwa njia ya kodi, huku thamani ya majengo ikiachwa kwa waliojenga. Ebenezer Howard wa Uingereza aliligeuza wazo hilo kuwa mpango wa mji mwaka 1898, na Letchworth ikaanza kujengwa mwaka 1903 kwa kanuni kwamba ardhi ishikwe kwa pamoja na ongezeko la pango ligharimie huduma za wakazi. Singapore, iliyounda bodi yake ya nyumba mwaka 1960, ilijenga miji mipya juu ya ardhi ya serikali na kuwauzia wananchi nyumba kwa upangaji wa miaka 99. Idadi hiyo ya miaka ni ileile inayosomeka katika hati za Mwanza, ila kule serikali ilijenga pia nyumba zenyewe.

Dini kubwa za kando ya ziwa hazipingani na mdai huyu. Katika Biblia, kitabu cha Mambo ya Walawi kinakataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, kwa kuwa Mungu ndiye mwenyewe. Thomas wa Akwino alifundisha kwamba mtu anaweza kumiliki peke yake, lakini katika kutumia anapaswa kuvihesabu vitu kuwa vya wote na kuwagawia wahitaji kwa wepesi. Katika Uislamu, wakfu huitoa ardhi sokoni kabisa na kuifungamanisha na huduma, kama msikiti, madrasa, kisima au makaburi. Mafundisho haya hayamnyang'anyi mtu kiwanja chake. Yanamwekea deni.

Mizani ya milimani

Hoja hizi zote hupimwa vizuri zaidi zikitolewa Buswelu na kupelekwa milimani. Miteremko ya Igogo, Mabatini na sehemu za Isamilo imejaa nyumba zilizojengwa kati ya mawe makubwa bila mchoro. Watu walipanda huko kwa sababu kazi iko chini: bandarini, sokoni, katika mwalo wa Kirumba ambako dagaa wa ziwa zima hushushwa. Walivunja mawe, walichonga ngazi, walipandisha saruji na maji kichwani. Ikiwa kazi ndiyo inayozaa haki, kama Locke alivyodai, basi hakuna mahali Mwanza ambapo hoja hiyo ina nguvu kama huko. Lakini kwa miaka mingi karatasi zilikuwa bondeni. Aliyepata kiwanja kilichopimwa alipata hati, barabara na ongezeko la bei lisilotokana na jasho lake. Aliyeutengeneza mlima kwa mikono yake aliitwa mvamizi.

Sera ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 iliachana na fikra ya kubomoa na kuelekea kuboresha, na Sheria ya Ardhi ilikuwa imekwisha kuruhusu leseni za makazi na urasimishaji. Mwanza imekuwa miongoni mwa miji iliyopima makazi ya milimani kwa kuwashirikisha wakazi, na miradi ya maji ya Ziwa Victoria imepeleka huko mabomba madogo ya majitaka yanayopita kati ya nyumba mahali ambapo bomba kubwa na gari la kunyonya haviwezi kufika. Hatua hizo zinakubali kwa vitendo kwamba haki ya mahali haitokani na mchoro pekee.

Mgawanyo unaofuata

Ukiziweka hoja za wadai wanne pamoja, hakuna hata mmoja anayestahili ongezeko lote. Nyumba, uzio, mti na kisima ni vya aliyevijenga, na sehemu ya ongezeko ni haki ya wakazi waliokaa na kuufanya mtaa uwe mtaa. Mkulima anastahili bei ya haki na habari kamili. Kinachobaki, ambacho aghalabu ndicho kikubwa, kimetokana na lami, maji, stendi na ofisi. Kwa kuwa vilijengwa kwa fedha za wengi, kirudi kwa wengi, na kwanza kwa maeneo ambayo hayajapata huduma hizo.

Njia za kukirudisha zipo, lakini zinafanya kazi nusu. Kodi ya pango la ardhi hutegemea ukubwa, matumizi na eneo, hivyo inaigusa thamani ya mahali kwa kiasi. Kodi ya majengo, iliyoanza kukatwa kupitia ununuzi wa umeme mwezi Julai 2021, iliwekwa kwa viwango maalumu: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, na baadaye viwango vikapandishwa. Urahisi wake haupingiki, kwa kuwa hakuna foleni wala mthamini wa kubishana naye. Kwa upande wa haki inageuza mambo: nyumba ya kawaida kando ya lami Kiseke na nyumba ya kawaida juu ya mawe ya Igogo hulipa sawa, ilhali kiwanja kitupu kisicho na mita ya umeme hakiguswi nayo kabisa. Inatoza kilichojengwa na kukiacha kinachosubiri bei, kinyume cha alichopendekeza George na kinyume cha mila iliyomtaka mtu atumie alichopewa.

Tanzania haihitaji kanuni mpya ili kurekebisha hilo. Kanuni kwamba ardhi ni amana ya umma na kanuni kwamba ardhi ina thamani zimo katika sheria moja ya mwaka 1999. Zikitekelezwa kila moja peke yake, ya kwanza humdhulumu mkulima na ya pili humtajirisha anayesubiri. Zikisomwa pamoja, zinasema kwamba thamani itambuliwe na kulipwa kwa anayestahili, na ile iliyozalishwa na umma irejee katika amana kwa njia ya tozo inayofuata mahali, sharti la kuendeleza linalosimamiwa kweli, na huduma zinazopelekwa milimani kwa fedha zilizokusanywa katika miji mipya.